Katoni Niliyoipeleka Kilolo

Karatasi ya kupiga marufuku ile dawa niliibandika ukutani kwa mkono wangu, kwa gundi yangu, na siku ileile nikaanza kuivunja amri yake. Nayasema haya mapema ili asiyependa kusoma habari za mtu wa namna hiyo aache hapa hapa.

Nilikuwa na duka la pembejeo Mbeya, upande wa Mwanjelwa. Niliuza mbegu, mbolea, mabomba ya kupigia dawa, na dawa zenyewe. Serikali inaziita viuatilifu. Miaka yote niliyokaa nyuma ya ile kaunta sijamsikia mkulima akiomba kiuatilifu. Anaomba dawa, kwa sauti ileile anayoombea dawa ya mafua, na mimi nilimpa kwa uso uleule wa mtu anayemponya mwenzake.

Hiyo iliyokuja kukatazwa ilikuwa kwenye chupa nyeupe ya lita moja, plastiki ngumu, mdomo mpana. Jina lililoandikwa kwenye lebo hakuna aliyelitamka. Wateja waliiita "ya harufu". Wakulima wa viazi walioshuka kutoka milimani walifungua kifuniko mbele yangu, wakanusa, wakafumba macho kidogo, wakasema, "Eeh, hii ndiyo yenyewe." Dawa isiyonuka hawakuiamini. Ukimpa mtu dawa mpya isiyo na harufu anakutazama kama umemuuzia maji ya bomba. Nami niliwaacha wanuse. Nyuma ya kichwa changu kilining'inia cheti cha mafunzo chenye muhuri, na kwenye mafunzo hayo tuliambiwa wazi kwamba ile dawa inapita kwenye ngozi, inapita puani, inashuka na maji ya mvua mpaka mtoni, inaua nyuki na samaki pamoja na hao wadudu wanaotafutwa. Niliyajua yote. Mtihani wake nilifaulu vizuri.

Wakaguzi walikuwa wawili, mwanaume na mwanamke, watu wa adabu. Walinieleza kwamba dawa imeonekana ina madhara kwa watu na kwa ardhi, haitauzwa tena nchini, na kwamba chupa zote nilizo nazo niziweke kando, gari litapita baada ya wiki moja kuzikusanya zikateketezwe. Wakanipa karatasi niibandike. Nikaibandika, nikaisawazisha na kiganja isiwe na mikunjo.

Nilikuwa na katoni tatu. Mbili nilizisogeza kando kama nilivyoagizwa. Ya tatu niliitazama kwa muda, halafu nikaisukuma kwa mguu nyuma ya magunia ya chakula cha kuku.

Ningekuwa nimefanya vile kwa tamaa, leo ningekuwa na jina la kuliita kosa langu. Lakini sikuwa na nia ya kuiuza. Nilitaka kuipeleka kwa baba.

Baba analima nyanya na viazi Kilolo. Msimu uliotangulia kantangaze walikuwa wamemmaliza. Kantangaze ni kile kidudu kinachochimba jani la nyanya kwa ndani, kisha kinahamia kwenye tunda, na kikishaingia humo hakuna mnunuzi atakayekuangalia. Baba alinieleza kwenye simu kwa sauti ya mtu aliyetoka kuzika. Hakuniomba kitu. Baba hajawahi kuniomba kitu maishani mwake. Anaeleza shida yake, ananyamaza, na wewe ukiwa na akili unajua kinachofuata.

Na mimi nilipenda kujua kinachofuata. Binti wa kwetu aliyeolewa mbali harudi kwao mikono mitupu. Wenzangu wanabeba sukari, wanabeba vitenge. Mimi tangu nifungue duka nilibeba dawa. Baba aliipanga mezani sebuleni, chupa kwa chupa, akaiacha pale siku mbili tatu wageni waione. "Hii katoa binti yangu Mbeya," alikuwa akisema, kana kwamba nimeitengeneza mwenyewe. Nilipenda sana kusikia vile. Sitajifanya sikupenda.

Basi nikaifunga ile katoni ndani ya kitenge, nikapanda basi asubuhi, Makambako, Mafinga, Iringa, kisha nikapanda gari jingine la kwenda Kilolo. Ilikuwa chini ya miguu yangu safari nzima. Hakuna aliyeniuliza kitu. Hata harufu, baada ya mwendo mrefu, niliacha kuisikia.

Mama aliisikia kabla sijavuka kizingiti.

"Kamwene," alinisalimia, akanipokea mkoba, akanitazama juu mpaka chini. "Mbona umepungua hivyo? Huko Mbeya hamli?" Halafu akaitazama katoni aliyokuwa amenipokea baba. "Hii si ndo ile walisema redioni imekatazwa?"

Nikacheka. "Mama, serikali inakataza kila kitu. Wakikataza ugali nao mtaacha?"

Baba akaangua kicheko, akapiga katoni kwa kiganja. Mama hakucheka.

"Mi nauliza tu," alisema. "Maana walisema inaua watu."

"Inaua wadudu, mama."

"Haya. We ndo umesoma."

Akaenda jikoni kunichemshia viazi. Hayo ndiyo mazungumzo yote tuliyowahi kuwa nayo juu ya ile dawa. Mimi niliyesoma nilimjibu mama kwa mzaha, mama ambaye hakusoma alikuwa amesikiliza redio vizuri kuliko mimi.

Kuna jingine, na hili ndilo linaloniuma kuliko hata kuificha katoni. Kila mteja wangu, hata mwenye haraka, nilimwambia maneno yaleyale kabla hajatoka: vaa glavu, usipige dawa upepo ukikujia usoni, na chupa ikiisha itoboe, uifukie, usiitumie kwa kitu kingine. Niliyasema mpaka yakawa kama salamu. Baba sikumwambia. Ningeanzaje kumfundisha baba yangu, kwenye uwanja wake, mbele ya mke wake, jinsi ya kushika chupa? Yeye ndiye aliyenifundisha kushika jembe. Niliona ni utovu wa adabu. Niliona pia kwamba angeninunia, na zawadi yangu ingeingia doa. Nikanyamaza kwa heshima, nikanywa chai, nikaulizia habari za majirani.

Nilirudi Mbeya. Gari la wakaguzi likapita kama walivyoahidi, likachukua katoni mbili. Yule mwanamke alinishika mkono. Alisema wenzangu wengi wanaficha, wanamimina kwenye chupa nyingine, wanawasumbua. "Wangekuwa wote kama wewe, mama, kazi yetu ingekuwa nyepesi." Nilitia saini mahali aliponionyesha.

Mvua zikaanza. Baba akanipigia simu siku moja ana furaha, nyuma yake nasikia majani yanasuguana. "Wamelala wote!" alisema. "Hakuna hata mmoja anayetikisika!" Alikuwa anasema kantangaze. Nilifurahi pamoja naye, nikaenda kumsimulia mume wangu.

Asiyetoka kwetu inabidi aelezwe habari ya ulanzi. Mvua zikishika, mianzi inatoa machipukizi. Unakata ncha ya chipukizi, unafunga chombo hapo, na maji ya mwanzi yanadondoka humo taratibu. Kila asubuhi na jioni unakata tena kipande chembamba ili yaendelee kutoka. Zamani chombo kilikuwa mbeta, kipande cha mwanzi wenyewe. Siku hizi watu wanafunga chochote cha plastiki, chupa za maji, vidumu vya mafuta ya kula. Yale ya asubuhi ni matamu, meupe kama maji ya mchele, yanaitwa mtogwa, hata mtoto anapewa. Yakikaa yanachachuka, na kesho yake ndiyo yanayowafanya wanaume waimbe njiani.

Mama alikuwa Mlutheri wa kweli, mtu wa kikundi cha akina mama, kitenge cha sare kimepigwa pasi tangu Ijumaa. Pombe hakuigusa. Lakini mtogwa alikunywa. Kwake yeye dhambi ilianza pale povu lilipoanza, kabla ya hapo ni chakula alichotoa Mungu. Kila asubuhi ya masika, tangu nina akili, baba alitoka na kisu, akarudi na kikombe kimejaa, akakiweka karibu naye pale jikoni bila kusema neno. Si mtu wa maneno matamu baba. Sidhani kama kuna njia nyingine aliyowahi kumwonyesha mama kwamba anampenda.

Siku moja baba alinipigia simu asubuhi. "Mama yako anaumwa. Njoo." Nikamuuliza anaumwa nini. "Njoo tu," alisema.

Nilifika hospitali saa za alasiri, mama amekwisha kufariki. Daktari alikuwa kijana, amechoka, lakini alinieleza kwa upole: alifika anatokwa jasho, anatokwa mate na povu, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, misuli inacheza yenyewe. "Ni sumu ya shambani, dada. Pole sana. Kulikuwa na tatizo lolote nyumbani?"

Dalili zote alizozitaja nilikuwa nazijua kwa moyo. Zimeandikwa kwenye lebo, upande wa chini kushoto, kwa herufi ndogo. Pale pale kwenye korido nikasema sijui.

Kwetu nyanda za juu, mtu akisikia mwenzake amekunywa dawa ya shamba haulizi ilikuwaje. Anauliza kwa nini. Ni watu wengi mno wameondoka kwa njia hiyo kwa makusudi, kila ukoo una wake, kwa hiyo sababu ikatafutwa na ikapatikana upesi. Mara mama alikuwa amegombana na jirani juu ya mpaka wa shamba. Mara Jumapili mbili hakuonekana kanisani, wakasahau kwamba alikuwa anaumwa mguu. Mara alikuwa na mawazo. Mwanamke aliyecheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana, kwa siku moja akawa mtu aliyekuwa na mawazo.

Kesho yake asubuhi, watu wakiwa bado wanakoka moto uani, nilikwenda nyuma ya nyumba kwenye mianzi. Sikujua natafuta nini. Au nilijua. Chipukizi la karibu kabisa na jiko lilikuwa limefungiwa chupa nyeupe ya lita moja, mdomo mpana, kamba ya katani shingoni. Lebo ilikuwa imekwanguliwa kwa kisu, imebaki alama ya gundi tu. Nikainusa. Ilinuka majivu kidogo na utamu wa ulanzi, basi. Ndani maji meupe yalikuwa yamefika nusu, na nzi walioingia humo walikuwa wameelea juu, wamekufa.

Miaka yote nimeona nzi kwenye ulanzi. Nzi wa ulanzi wanalewa, wanazungukazunguka, wanatambaa kwenye ukingo. Hawa walikuwa wamekufa.

Nikachukua panga la baba lililokuwa limechomekwa kwenye mwanzi. Nikakata kamba, nikachimba shimo mbali na mfereji, nikamwaga, nikaitoboa ile chupa mara tatu kwa ncha ya panga, nikaifukia, nikakanyaga udongo ukawa sawa. Sijawahi kufuata maelekezo ya lebo kwa ukamilifu kama asubuhi ile.

Mchana walikuja wazee wa kanisa, watatu. Walikaa kwenye benchi, baba akakaa kwenye kigoda mbele yao. Mimi nilikuwa nahudumia chai, nimesimama mlangoni na chupa ya chai mkononi.

"Mzee," alisema mkubwa wao, "wewe ndiye ulikuwa unaishi naye. Kuna neno lolote alisema? Kuna kitu kilimsibu? Maana kanisa lina utaratibu wake, na sisi hatutaki kumhukumu mtu bure."

Baba aliangalia miguu yake. "Sijui," alisema. "Aliamka mzima."

"Na wewe binti? Mama yako alikuambia lolote?"

"Hapana," nilisema.

Hilo lilikuwa kweli. Mama hakuwa ameniambia lolote. Nikawamiminia chai, mkono wangu haukutetemeka hata kidogo, na mpaka leo nauchukia mkono ule.

Utaratibu ukafuatwa. Jeneza halikuingia kanisani. Kwaya haikuimba. Mchungaji alikuja na koti la kawaida bila joho, akasimama pembeni, na mwinjilisti akaomba sala fupi ambayo haikutaja ufufuo. Mama alikuwa ameacha maneno kwamba azikwe na kitenge cha sare ya akina mama. Mwenyekiti wa kikundi, mama mtu mzima aliyekuwa rafiki yake wa miaka na miaka, alinivuta kando akaniambia haifai. "Ningependa, mwanangu, lakini haifai. Watauliza." Wanakikundi walikuja, kila mmoja na kanga yake tofauti, wakasimama kama watu waliokutana njiani. Mvua ilinyesha tukiwa hapohapo kaburini na watu wakaharakisha.

Ningeweza kusema neno moja na yote hayo yangesimama. Ningesema: mama hakujiua, alikunywa mtogwa wake kama kila siku, na chupa ilikuwa yangu. Sikusema. Najua niliogopa nini, sina haja ya kuzungukazunguka. Niliogopa kufungwa. Niliogopa duka, na watoto wangu, na uso wa mume wangu. Lakini zaidi ya hayo yote niliogopa wale watu kwenye mvua wajue kwamba nimemuua mama yangu. Nikaona afadhali wadhani amejiua mwenyewe. Mimi, mtoto wake, niliona hivyo ni afadhali.

Nikarudi Mbeya, nikafungua duka. Nilikuwa nauza mbegu za kabichi huku moyoni nazika. Mteja akiulizia ile ya harufu nilimwonyesha karatasi ukutani kwa kidole, na wengine walinikonyeza, wakidhani namaanisha warudi baadaye. Usingizi nilipata, chakula nilikula, hilo nalo lilinikera. Ila nilishindwa kuingia kanisani. Nilifika mlangoni, nikasikia wanaanza wimbo, nikageuka.

Baridi ya Juni ilinikuta kwa baba. Mianzi ilikuwa imekauka ncha, hakuna anayegema. Yeye alikuwa uani anachambua mbegu za viazi, zilizochipua vizuri huku, zilizooza kule. Nikakaa chini nikaanza kuchambua naye.

"Baba, nina neno."

"Sema."

"Ile chupa ya mama..."

"Najua," alisema.

Nikamtazama. Aliendelea na viazi vyake.

"Unajua nini, baba?"

"Niliifunga mimi. Nilikuwa nimeiosha na maji ya moto na majivu, mara mbili, nikaianika juani mpaka harufu ikaisha. Nikaona hii nzuri, ngumu, mdomo mpana, siyo kama yale madumu ya mafuta yanayopasuka. Nikasema hii iwe ya mama yako." Akatupa kiazi upande wa vilivyooza. "Nikamletea vikombe viwili siku hiyo, maana yalitoka mengi. Akaniambia leo umenipendelea."

Niliokota kiazi, nikakitupa upande usio wake.

"Na nilikuona ukiifukia," alisema. "Nilikuwa dirishani."

"Mbona hukuwaambia wazee?"

"Wangeuliza dawa imetoka wapi."

"Ungesema umenunua."

"Kila mtu anajua dawa zangu zinatoka wapi. Nilishawaonyesha wote pale mezani." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Mama yako alishakufa. We una watoto. Nikaona bora lawama iende kwake."

Nilikasirika. Sikutegemea hasira, nilitegemea machozi, lakini ilikuwa hasira. Nilitaka kumuuliza alipata wapi ruhusa ya kumuuza mama aninunue mimi. Nikakumbuka kwamba mimi nilikuwa nimefanya biashara hiyohiyo, siku hiyohiyo, nikiwa na chupa ya chai mkononi, na sikuhitaji ruhusa ya mtu. Sisi wawili tulimpeleka kaburini bila wimbo, kila mmoja akidhani anafanya peke yake.

"Nataka kusema kanisani," nilimwambia.

Alifuta mikono kwenye suruali. "Sema. Mi nitasimama na wewe."

Chupa sita zilikuwa bado stoo, amezifungia kwenye pipa. Nilizibeba mpaka Mbeya, nikazipeleka kwa wakaguzi walewale. Yule mwanamke alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunifokea. Aliondoa mikono yake mezani tu, akaipakata. Duka lilifungwa na bado limefungwa, kesi yangu wanaijua wenyewe, sina la kulalamika.

Nikarudi Kilolo kwa mchungaji, naye alikuwa ameshika kichwa nilipomaliza kumweleza. Akasema kanisa limemkosea marehemu na litamwomba radhi mbele ya watu. Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, aliniita mbele. Baba alisimama kando yangu, kofia mkononi. Nilisema yote, karatasi, magunia ya chakula cha kuku, kitenge, basi, nzi. Nilisema bila kulia, kwa sababu nilijua nikilia watanionea huruma na nisingeweza kumaliza. Kanisa lilikuwa kimya mpaka nasikia bati linavyolia kwa jua.

Halafu tukaenda wote kaburini. Mchungaji alivaa joho. Akina mama walikuwa na sare, wote. Kwaya iliimba, na safari hii ufufuo ulitajwa, zaidi ya mara moja. Nilipumua. Nasema ukweli, nilipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, nikadhani limekwisha.

Watu walipoanza kutawanyika, yule mwenyekiti wa akina mama alinijia. Alipiga magoti kidogo, akanishika mikono yote miwili, uso umelowa.

"Nisamehe, mwanangu. Mimi ndiye niliyemnyima kitenge chake. Nisamehe sana. Umemsafisha mama yako."

Tukalia pamoja. Nilimhitaji mtu wa kulia naye, na yeye alikuwa rafiki ya mama. Alipojifuta uso kwa ncha ya kanga, alinivuta hatua mbili, mbali na wengine.

"Sasa mwanangu, hii dawa... zile zote umezirudisha? Hata kichupa kimoja hakikubaki?"

Nilidhani sijasikia vizuri. "Zote, mama."

"Maana kantangaze wamerudi. Hii mpya wanayotuuzia ni maji matupu. Baba yako alinipimia kidogo msimu ule, kwenye chupa ya soda. Ndiyo iliyoniokoa."

Nikamshika mikono yake miwili. "Hiyo chupa ya soda iko wapi?"

"Ipo ndani. Imebaki ya kifuniko kimoja, viwili. Nimeiweka nyuma ya debe la unga, wajukuu wasiione."

"Twende unipe. Twende sasa hivi, mama."

Aliitoa mikono yake mikononi mwangu. "Nikupe? Halafu nyanya nipige nini?"

"Si umesikia nilivyosema mule kanisani? Mama amekufa."

"Nimesikia, mwanangu. Si nimelia na wewe?" Alinitazama kwa huruma ya kweli, hilo siwezi kumnyima. "Lakini mama yako aliinywa. Mi siinywi. Mi napigia nyanya tu."

Akakaza kanga kiunoni, akashuka na njia ya shambani. Nilimfuata. Nilimwita, hakugeuka, nilimfuata mpaka uani kwake, nikiwa bado na viatu vya kanisani. Wajukuu wake watatu walikuwa wanacheza kwenye majivu karibu na jiko. Wakasimama, wakaniamkia wote kwa pamoja. Nikaitikia. Bibi yao aliingia ndani, akafunga mlango, akashusha komeo. Nikabisha, nikangoja, nikabisha tena. Kisha nikasikia debe la unga likiburutwa sakafuni, na nyayo zake zikienda chumba cha pili, kuificha mahali ambapo hata mimi nisingepajua.